Fito za Mishale ya Mjomba

Juzi mjukuu wangu alirudi hapa Kihonda na mshale wa mapambo alioununua stendi, ule wa kutundika sebuleni. Aliponipa niutazame nikajikuta nimefumba jicho moja na kuuelekeza dirishani, kuangalia kama umenyooka. Ulikuwa umepinda vibaya. Nikamwambia mshale huo hauui hata panzi, akacheka, na mimi nikaingia chumbani kwangu kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Wewe uliyekulia milimani kwetu kabla ya uhuru utanielewa. Miaka ile ya hamsini tulikaa juu Uluguru, mimi, bibi mzaa mama, na mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume. Mahindi yakishabeba, ukungu ulishuka hadi mlangoni, na ndani ya ukungu uliwasikia nguruwe mwitu wakivunja mabua bila haraka, kama wenye shamba. Shamba lilikuwa hilo moja. Likiliwa, ni mlenda mtupu na kulala mapema hadi msimu mwingine.

Aliyetulinda ni mjomba na upinde wake. Macho yake yalikuwa ya ajabu: nguruwe wa ng'ambo ya bonde alimwona, lakini kitu kilicho mkononi alikipapasa. Kwa hiyo kuchagua fito za mishale ilikuwa kazi ya jicho langu, na nilijivuna nayo kupita kiasi.

Mti wa mshale kwetu ulikuwa mkole. Si kila mkole, lakini. Tulitafuta ufito uliokulia kivulini ukibanwa na wenzake, maana huo hupanda moja kwa moja kulitafuta jua. Uliokulia peupe hujipinda upendavyo. Unene wake uwe wa kidole cha mwisho, na usiwe na kifundo. Tulizimenya fito zikiwa mbichi, tukazifunga pamoja kwa kamba zinyooshane, tukazitundika kwenye uchaga juu ya mafiga hadi moshi uzigeuze taratibu rangi ya chai. Mjomba alikuwa akisema hataki mshale wenye haraka kuliko nguruwe.

Mwaka mmoja serikali ikatuamuru tulime matuta. Mikole ya kando ya shamba tuliing'oa kwa majembe yetu wenyewe, msimamizi akitutukana. Msitu wa juu nao ulikuwa umewekewa mipaka; ukikutwa na panga humo, unafungwa. Fito za kwenye uchaga zikaisha. Ikabaki mikole ya mahali pamoja tu, chini kidogo ya nyumba yetu, pale wasichana wa ukoo walipokalishwa na kuimbiwa siku ya kutolewa uwali. Pale hapakuguswa hata jani.

"Mama, niruhusu nikate chache tu," mjomba alisema tukila. "Nguruwe wamefika tuta la tatu. Huyu mtoto atakula nini?"

"Pale nilikalishwa mimi, na dada yako, mama wa huyu, akakalishwa. Huyu naye atakalishwa. Ukipeleka panga pale, unaukata ukoo."

"Hata padri anasema ule ni mti tu."

"Padri alitolewa uwali lini?"

Tulicheka wote, mjomba kuliko sisi. Kesho yake akakata matawi ya mpera, akayakausha motoni harakaharaka, akaniletea. Nikafumba jicho.

"Mjomba, huu umepinda. Na huu. Zote zimepinda."

"Nguruwe ni mnene, mwanangu. Kumkosa nayo ni kazi."

Hakumkosa. Alfajiri ile ukungu ulikuwa mzito, tukasikia upinde, kisha nguruwe akilia, kisha mjomba. Mshale ulikwenda upande, ukampiga dume pajani badala ya ubavuni, naye akamgeukia mjomba na meno yake makali. Majirani walimbeba mjomba kwa machela kuelekea hospitali ya misheni. Alikata roho kabla hawajavuka mto. Shamba lililiwa lote wiki ya matanga, na hakuna aliyetoka kuwafukuza.

Nilimchukia bibi. Nasema wazi, kwa sababu nilimpenda pia, na vyote viwili vilikaa ndani yangu kwenye nyumba moja yenye njaa. Alipunguza mlenda wake akaongeza wangu, na mimi nikala bila kumshukuru.

Nilipovunja ungo wakanikalisha pale. Wanawake waliimba, ngoma zikalia, nami nikainua uso nikaziona fito: za kivulini, zimenyooka, hazina kifundo hata kimoja. Nilijaribu kutazama chini nikashindwa. Jicho langu lilikuwa linachagua lenyewe. Bibi aliyekaa nyuma yangu akainama hadi sikioni.

"Na mimi naziona," akasema. "Kila siku nikienda kuteka maji naziona."

Baada ya hapo sikuweza kumchukia tena, na huzuni ikawa nzito zaidi kwa kuwa haikuwa na wa kubebeshwa.

Siku hizi nguruwe wamekwisha, na wasichana wa ukoo hutolewa uwali mjini, kwenye ukumbi wa kukodi wenye spika kubwa. Mikole ile ilikatwa ilipopitishwa barabara ya magari. Vijana waliifyeka asubuhi moja, wakaichemshia chai, na hakuna aliyeuliza. Nilisimama pale nikimshukuru Mungu kwamba bibi alikuwa amekwisha kufa.