Karani Aliniuliza Nina Baba Wangapi

Mhariri, ahsante kwa kukubali kulificha jina langu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minne, niko darasa la nne katika shule moja karibu na Mbalizi. Nimefaulu mtihani wa kwenda shule ya kati. Naandika nikiwa na hasira, wasomaji mnisamehe.

Baba yangu alikuwa seremala, Mnyasa. Alivuka mto Songwe, mpaka wetu na Nyasa, akiwa kijana, akamwoa mama, Mhehe wa Kalenga, nami nikazaliwa hapa Mbeya. Alifariki nikiwa na miaka mitatu, kabla hajaandikishwa bomani kuwa mkazi. Mdogo wake, ambaye ameandikishwa, ndiye aliyenilea. Kwetu ndugu wa baba ni baba. Sijapata kumwita "baba mdogo", angedhani nimemkasirikia.

Mwezi uliopita nilipeleka fomu ya shule bomani. Serikali imeamuru nafasi zile wapewe watoto ambao baba zao ni wakazi walioandikishwa. Karani aliuliza jina la baba, nikamtajia huyu aliyenilea. Akafungua cheti changu cha ubatizo, akakuta jina la marehemu.

"Binti, una baba wangapi?"

"Wawili, bwana." Nimefundishwa kusema kweli.

Ofisi nzima ikacheka. "Basi katafute wa tatu, labda huyo atakuwa mtu wa hapa!"

Akaniandika: mgeni. Mimi! Baba aliyenizaa amezikwa hapa, na siku ile hakuna aliyeliuliza kaburi lake cheti. Hata mlango wa boma niliopitia nikitoka mbele ya karani yule, baba zangu wawili ndio walioutengeneza.

Mama akamwandikia barua kaka yake. Mjomba akaja kwa basi kutoka Iringa.

"Kamwene, mpwa wangu," akanisalimu kwa Kihehe. "Usilie. Niandike mimi kuwa baba yako, nimeandikishwa. Fomu tutaipeleka boma la Iringa, huko hawakujui. Utatumia jina langu, yameisha."

Mama alishukuru mpaka akapiga magoti. Baba aliyenilea alikuwa akipiga randa ubao. Akaiweka randa chini.

"Shemeji, umekuja kumzika kaka yangu mara ya pili?"

"Na wewe unataka mtoto azeeke akikufagilia maranda?"

Tangu hapo hawajasalimiana.

Namchukia karani yule, naichukia amri ile, na Mungu anisamehe, nawakasirikia hata wazee wangu wanaogombea jina kana kwamba mimi sina masikio. Nataka kuwa mwalimu. Nikimwandika mjomba, nitasoma, lakini kila asubuhi nitaitikia jina linalomfuta aliyenizaa na kumwaibisha aliyenilea. Nikikataa, mama atalia, na masomo yangu yataishia hapa.

Mjomba atarudi kuichukua fomu shule zitakapofungwa. Nimeijaza yote kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, isipokuwa mahali pa jina la baba. Serikali imeacha mstari mmoja tu. Ninyi mliosoma, na ninyi mnaolea watoto wa ndugu zenu, nishaurini: nimwandike nani?