Siku Niliyowapa Wakwe Mgongo

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaonyeshwa ile video, maana aibu yangu imerekodiwa toka juu, na rangi zake zote, na binti yangu Neema amekataa kuifuta.

Ilikuwa siku ya kupeleka mahari ya mwanangu Bahati, kule Sange, kwa wakwe waliokuwa wamefunga turubai kando ya shamba lao la mpunga. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wetu (hotuba nilikuwa nimeijaribu mbele ya kioo mpaka mke wangu akachoka), na ng'ombe walikuwa wakija polepole kwa barabara, ng'ambo ya mpunga, na mchungaji wao kutoka milimani, Bijombo. Wazee wa pale wakiwaona na kuridhika, binti ni wetu. Wasiporidhika, tunarudi Uvira na ng'ombe wetu na aibu yetu.

Neema, ambaye kazi yake ni kupiga picha za arusi, alikuwa amerusha droni yake mbali juu ya mpunga, nyuma ya turubai, inaangalia barabara, nukta nyeusi tu hewani. Mara wakamwita akamsaidie wifi yake kuvaa. Akanipa telekomande, kile kidude cha kuiendeshea, chenye vijiti viwili na kioo cha kuonyesha picha.

"Papa, shika tu. Usiguse kitu. Itabakia palepale."

"Na ikinisumbua?"

"Ukipotea, geuka weye mwenyewe, uangalie upande yenye droni iko inaangalia."

Ningeshika tu, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini ng'ombe wakatokea, wanono, pembe zinang'aa, nikasema hawa lazima warekodiwe vizuri, nikasukuma kijiti cha kushoto kidogo tu. Droni ikageuka, ikaendelea kugeuka huku ikishuka, na nilipoachia sikujua tena kichwa chake kiko wapi (ng'ombe hata akiwa mbali unatambua pembe na mkia, lakini nukta ina mkia gani?). Kioo cha telekomande kilikuwa cheusi kwa jua. Basi nikavuta kijiti cha kulia kuelekea kifuani ili irudi kwangu, nayo ikaenda mbali zaidi, nikavuta kwa nguvu, ikafika juu ya ng'ombe ikivuma kama mzinga wa nyuki, nao wakainua mikia, wakaruka mtaro, wakaingia kwenye mpunga wa wakwe.

"Papa, irudishe!" Bahati akalia.

"Miye niko nairudisha!"

Wakati huohuo baba mkubwa wa bibi arusi akasimama chini ya turubai, mikono mbele, kunikaribisha niseme. Na wakati huohuo nikakumbuka maneno ya Neema. Kama ninaivuta na inakimbia, nikawaza, basi inakwenda kinyumenyume, inaniangalia mimi! Nikageuka, nikaipa mgongo. Na kwa kuwa ilikuwa nyuma ya turubai, nikampa mgongo yule mzee pia, na shangazi wote, na ukoo mzima.

Manung'uniko yakaanza chini ya turubai. Mimi sikuyasikia, kwa sababu mwili wangu sasa ulikuwa umekinga jua na kioo kikaonyesha picha. Nikasukuma kijiti mbele, picha ikakua: mpunga, turubai, wazee wamesimama, na mbele yao kibabu fulani mwenye kofia amewageuzia mgongo, ameinama kama anayehesabu vidole vyake.

Nikakasirika kweli. Nikasema kwa sauti ya msemaji:

"Ule muntu gani mukosefu wa adabu, anageuzia bakwe zangu mugongo?"

Shangazi mkubwa wa bibi arusi akaja kuchungulia kioo, akajibu nyuma yangu:

"Ni weye, muzee! Shika kofia, utaona!"

Nikashika kofia. Kibabu kwenye kioo naye akashika kofia.

Neema akaja mbio, akaninyang'anya telekomande, akatua droni miguuni pangu. Nikageuka. Bahati alikuwa amefunika uso. Hotuba yote ilikuwa imenitoka kichwani, nikasema tu: "Bakubwa, munisamehe, nilikuwa nimepotea." Baba mkubwa akatazama mpunga wake uliokanyagwa, akatazama ng'ombe waliokuwa wakitafuna bila haraka, akatikisa kichwa.

Ni yule shangazi aliyetuokoa.

"Bale ng'ombe bamekwisha kukula kwetu," akasema. "Habarudi tena Uvira. Muzee aseme maneno yake, ila tumushikilie asigeuke."

Nikatoa hotuba, yaani mabaki yake, shangazi wawili wamenishika mabega, watu wakicheka hata mahali pa kusikitika.

Bahati na mkewe wako salama. Mimi nimeapa: Neema akirusha kile chombo chake, nashika kofia yangu tu, kwa mikono miwili.