Birika Nililivunja Mimi, Aibu Ikamfika Mwanajuma

Birika lile nililivunja mimi. Nnasema mwanzo kabisa kwa sababu nnajijua: nikipata nafasi ya kuzunguka, nitazunguka mpaka nitoke msafi. Mnafiki mkubwa mie!

Nimeolewa Mji Mkongwe, nyumba moja na mkwe wangu, na shemeji yangu na mkewe. Mke wa shemeji anaitwa Mwanajuma, mtoto wa Nungwi, kijiji cha wavuvi. Ukumbini palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vyombo vya kauri alivyoachiwa mkwe wangu na mama yake: sahani, vikombe na visahani vyake, na birika moja la maua ya buluu, ukingo wake wa dhahabu. Kauri nyembamba, ukiinua kikombe kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako. Vilitoka sikukuu kwa sikukuu, basi.

Mwanajuma nilimdharau tangu siku alopandisha ngazi na mkoba wake wa ukili. Akisema neno la kwao, mimi nnaliiga mbele ya wageni, wanacheka. Yeye ananitazama tu, "Dada, umeamkaje?" Dada! Nikijibu kwa pua.

Na mimi nani? Jang'ombe nilikokulia, chai tulinywea vikombe vya plastiki vilivyopauka, na tukipokezana! Lakini ndoa ya mjini ilinilevya, nikajiona nimezaliwa ndani ya kabati lile.

Siku mbili kabla ya Idi, mkwe wangu alikwenda kumtazama mgonjwa. Mwanajuma alikuwa juu, anaanika nguo. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mkwe na wa pili kwangu. Nikafungua, nikalitoa birika, nikalipiga picha niwarushie mashoga zangu kwenye simu. Nikaandika kabisa: "Urithi wa bibi yangu." Bibi yangu masikini, amekufa hajawahi kushika kauri!

Wakati wa kulirudisha, likagonga mlango wa kabati. Ta! Kishikio kikabaki mkononi mwangu.

Nikafanya wanavyofanya wezi. Nikatafuta gundi ya viatu, nikakibandika, nikafuta, nikaligeuza birika kishikio kielekee ukutani. Mkwe wangu aliporudi nikampokea na tabasamu.

Siku ya Idi ukumbi ulijaa wanawake, udi unafuka. Ningeweza kusema. Ningeweza hata kwenda kuimimina chai mwenyewe, likivunjika livunjike kwangu. Unajua nilifanya nini? Nikalitoa birika kwa mikono miwili, nikamkabidhi mwenzangu.

"Mwanajuma, katie chai humu. Leo na wewe ushike kauri."

Wageni wakacheka. Akaenda jikoni, akarudi na birika limejaa. Hajafika katikati ya ukumbi, kishikio kikang'oka. Birika chini, vipande hata chini ya makochi, chai ya moto yote kwenye mguu wake.

Alisimama pale na kile kishikio mkononi. Na neno la kwanza kinywani mwangu halikuwa pole.

"Si nilijua! Mikono ilozoea kupara samaki, kauri itaijulia wapi?"

Wale mabibi, manukato mpaka kwenye kisigino, wakajiziba midomo kwa mitandio wakicheka. Mwenzao ameungua, wao wanacheka! Na kiongozi wao mimi.

"Mama, sikulivunja mie," Mwanajuma alisema. "Hili lilikuwa lishavunjika."

Mkwe wangu akanigeukia. "Wewe una ufunguo. Uliligusa?"

"Wallahi mama, tangu Idi ilopita sijaligusa isipokuwa leo."

Nikaapa! Siku ya Idi, nimefunga mwezi mzima, nikaapa uwongo kwa ajili ya kishikio cha birika.

Mkwe wangu hakuwa mtu wa vyombo kuliko watu. Wageni walipotoka alimwambia Mwanajuma, "Chombo huvunjika, mwanangu. Lakini usinidanganye. Sema umeliangusha, yaishe." Mwanajuma akasema hawezi kukiri asilolifanya. Shemeji yangu akaja juu: amtake radhi mama yake au arudi kwao. Akarudi kwao, mguu umefungwa kitambaa. Miezi mitatu baadaye talaka ikamfuata.

Nilipata nafasi ya kukiri, tena nyingi. Mkwe wangu alipopigwa na kiharusi ndipo nilipojua nani alikuwa akimkanda miguu kila siku, nani akimchania nywele. Kazi hizo sikuwahi hata kuziona. Mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye vioo!

Siku moja baada ya sala ya alasiri nnamlisha uji, akasema kwa taabu, "Mwanajuma... alinikanda vizuri yule mtoto. Akikubali tu kosa lake, mie nnamsamehe. Mwambieni aje."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Maneno matatu tu yalihitajika: mama, ni mimi.

Nikamwambia, "Kula, mama, uji unapoa."

Ijumaa ile akafariki.

Baada ya arobaini nilikwenda Nungwi. Nilimkuta Mwanajuma na banda lake la chai, anawahudumia mafundi wa vyombo vya bahari, vikombe vinne mkono mmoja, tone halimwagiki. Akanikaribisha kitini. Nikamweleza yote nikilia. Yeye hakulia.

"Nlijua tangu siku ile," alisema. "Gundi ilinishika kidole. Na ufunguo unao wewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Nlisema. Mlikuwa mnacheka."

Nikamwomba anisamehe. Akafuta meza pole pole.

"Mguu ulipona, dada. Talaka nayo nimeizoea. Lakini mama amekufa ananiona mwongo, na hilo wewe huwezi kunirudishia. Ukitaka radhi yangu, kaseme mbele ya wanawake wale wale walonicheka, ndani ya ukumbi ule ule. Ukishasema, njoo."

Nikaahidi. Jamani, tangu ahadi ile Idi mbili zimepita! Wamekuja, wamekaa, wamekula, nimewamiminia chai. Kila nikifungua kinywa natoa "karibuni, ongezeni." Mume wangu hajui. Shemeji yangu hajui, bado anamtaja mkewe wa zamani kuwa alikuwa na kiburi, na mimi nnaitika.

Ndo maana nimeandika hapa bila jina. Msinipongeze kwa ujasiri, ujasiri sina! Hata toba yangu inajificha.

Wewe unayesoma huku unamcheka mke wa shemeji yako kwa kwao alikotoka, jiangalie. Na ukivunja kitu cha watu, sema saa ile ile, wakati bado ni chombo tu. Mimi nilingoja, na sasa kuna mwanamke Nungwi anamimina chai akingoja niseme, na mtu wa kwanza aliyetakiwa kusikia ukweli huu yuko chini ya mchanga.