Kitabu Alichokilipia Mama

Harufu ya polishi nyekundu ya sakafu hunirudisha Njiro hata leo, kwenye nyumba ya ukuta mrefu ambamo mama yangu alifanya kazi za ndani. Tuliishi Lemara, chumba kimoja, mimi na yeye tu, na likizo ya Juni nilipokuwa darasa la tano alikwenda nami kazini kwa sababu hakuwa na mtu wa kuniacha naye. Ni majira yale ambayo Mlima Meru hauonekani wiki nzima, manyunyu yanaanza asubuhi na vidole vinakufa ganzi. Mama alipiga magoti akisugua sakafu, nami nilikaa kwenye kona ya sebule, nikiwa nimeambiwa nisiguse kitu. Lakini kwenye kona hiyo ndiko kulikokuwa na kabati la vitabu.

Mwenye nyumba, Mama Doreen, alikuwa mjane, mtumishi wa serikali. Vitabu vilikuwa vya marehemu mumewe. Alivifuta vumbi mwenyewe kila Jumamosi, wala hakumruhusu mama avishike. Kwetu kulikuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo, na mama hakuweza kusoma hata kimoja. Nyimbo alizijua kwa kuzisikia. Shuleni tulisoma ili tujibu maswali. Siku nilipochomoa riwaya moja nyembamba, nikasoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama, hakuna aliyeniuliza swali lolote. Ilikuwa habari ya mwanamke aliyerudi kijijini akakuta nyumba yao inakaliwa na watu asiowajua. Kufikia ukurasa wa tatu nilimjua mwanamke yule kuliko nilivyowajua majirani zangu. Mama aliponiita tuondoke, nilikitia kitabu chini ya sweta.

Siku ya tatu Mama Doreen alituita sebuleni sote wawili. Hakupandisha sauti. Alisema kitabu kile marehemu alikiandikia maneno pembeni, kwa mkono wake, siku alizokuwa akiugua.

"Mama Ndeshi, sitaki kukufikiria vibaya. Nirudishie tu."

Mama alikuwa bado ameshika tambara. "Mimi sijui kusoma, mama. Kitabu nikipeleke wapi?"

"Na mtoto?"

Mama alinitazama. Nilikuwa nimekumbatia tumbo juu ya sweta, ingawa kitabu hakikuwepo tena pale.

"Mungu ananiona," mama akasema. "Mtoto wangu hajagusa kitu hapa."

Mama Doreen akamwambia aache funguo mezani.

Tulipofika chumbani mama hakupekua. Aliinua godoro upande wangu, akakitoa kitabu. Nikangoja fimbo, maana mama alikuwa mtu wa fimbo. Badala yake alikaa kitandani akalipapasa jalada.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua palepale. Umekimaliza?"

"Bado."

"Kimalize leo. Kesho nakirudisha. Nimeshakilipia."

Nilikimaliza. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, ila hawakusema kwamba janga lenyewe laweza kuwa tamu. Nilianza kusoma huku nalia, kisha nikasahau kulia kwa sababu nilitaka kujua yule mwanamke atalala wapi. Aibu hiyo imenikaa kuliko ile ya wizi. Kesho yake mama alikipeleka. Mama Doreen alikipokea getini, akasema sasa amehakikisha mwizi ni nani, akafunga geti. Jumapili iliyofuata, watu walipoitwa kwenye meza ya Bwana, mama alibaki kwenye benchi peke yake. Alibaki hivyo kila mara kwa miaka yote niliyokaa naye kabla sijaenda bweni.

Jina baya lina mbio. Hakuna nyumba ya Njiro iliyomchukua tena, akaishia kugonga kokoto machimboni, upande wa Moshono, akikaa juu ya gunia tangu asubuhi. Kabla ya mvua za vuli kipande cha jiwe kilimruka jichoni. Jicho likasafishwa, likafungwa bandeji, likapona kwa nje. Kuona halikuona tena.

Sasa nafanya kazi katika ofisi inayopokea malalamiko ya wafanyakazi, hapahapa Arusha. Wanawake wa kazi za ndani huketi mbele yangu wakitazama viatu vyao. Niliendelea kusoma riwaya maisha yangu yote, za kuazima kwa ruhusa, bila mtihani wowote mbele yangu, na zimenifunza kwamba mtu haelezeki kwa jibu lake la kwanza. Kwa hiyo nangoja, kisha nauliza tena. Taarifa zangu husomeka, wakubwa hunisifu, na sikatai kwamba bila vitabu nisingeifikia meza ya ofisi ile. Lakini kwenye semina watu wanaposema kusoma ni starehe isiyomdhuru mtu, mimi huangalia dirishani. Wanangu wana rafu nzima ya vitabu nyumbani kwetu Kimandolu. Hakuna aliyeapa uongo kwa ajili yao, na mara nyingi hawavifungui.

Mwaka huu ofisi ilinipa cheti kwa uandishi mzuri wa taarifa. Nilimpelekea mama, ambaye sasa anaishi nami. Alikisogeza karibu na jicho lake zima, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Jina lako liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Na mimi nimo?"

"Hapana, mama."

Akakipangusa kwa kanga yake, taratibu, akanirudishia.