Mamba Muntu mwenye uso wangu

Asubuhi ile niliipoteza kupiga pasi kikwembe changu kizuri. Nikapaka miguu vaselini mpaka ikang'aa, nikakaa kwenye kiti bila kutikisika. Binti yangu alikuwa ameniomba nimkalie apate kuchora, na mimi nikadhani ananichora mimi. Kwa nini asinichore? Mtu nisiyetoka nyumbani hata kununua chumvi, nisipoingia kwenye picha nani ataniona?

Aliponigeuzia kitambaa alichochorea nilikuta uso wangu, mabega yangu, na mkononi saa ambayo sina. Chini ya kiuno, mkia wa samaki. Pasi yote ile, bure.

Mamba Muntu, basi. Ananing'inia ukutani kwenye saloni za Lubumbashi, pale wageni wanapokaa, tangu nikiwa mtoto: nusu mwanamke, nusu samaki, anakaa majini, anawajia wanaume katika ndoto na kuwapa mali, nao wanafunga mdomo wasimtaje. Siku zote ni mweupe, nywele zinafika kiunoni. Huyu alikuwa mweusi kama mimi, nywele zimesukwa kama zangu, na pengo la meno ambalo ningeshukuru kama angelisahau.

Nikamwambia binti yangu hakuna atakayeamini Mamba Muntu mweusi.

"Mama, mu maji ya kwetu hamuna bantu beusi?"



Picha ilikuwa imeagizwa na jirani yetu, mama muuza makala, makaa ya kupikia, hapa hapa Kasungami, kwa ajili ya saloni yake mpya. Binti yangu alikuwa hajawahi kuagizwa picha. Kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya vinyozi. Alisema jirani akiikataa, atarudi kwenye vibao na hatachora tena. Kwa woga nikamshauri aongeze weupe kidogo, arefushe nywele. Akakataa katakata. Nikajifanya nimekasirika, lakini moyoni nilijivuna: ukaidi ule hakuuokota njiani.

Jirani akaja mchana, vumbi la makala bado mikononi. Akatazama picha pale ukutani binti yangu alipoitundika, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Akauliza kwa nini mkia ni mnene vile. Binti yangu akamweleza kwamba samaki mwembamba hawezi kubeba mwanamke mzima, na kwamba magamba yale aliyachora juzi yake akiwa na samaki wa sokoni mezani, moja baada ya lingine, mpaka samaki akaanza kunuka. Hilo ni kweli. Tulimla hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, pembeni, shingo nimeinyoosha kama ya kwenye picha. Mwanangu alishika brashi kavu kwa mikono miwili.

Jirani akaitoa picha ukutani, akaiweka kwapani.

"Mi naibeba," akaniambia. "Ile ya mweupe, bwana yangu angeilota kila siku. Huyu iko na sura yako, mama. Hatamulota hata kidogo."