Mbio za pikipiki Baraka: mudogo wangu alitoka moshi, komanda akatoka na sura yote

Bakubwa ba jukwaa, nabasalimia. Masomo yangu iliishia ya tano primaire, muvumilie maandiko. Lakini hii niliiona na macho yangu, na mwenye aliifanya nitamutaja.

Naona humu batu banasifu picha za rally, gari iko wazi na miti imekuwa mistari. Ile slow shutter minaijua. Nilikuwa mupiga picha Baraka, kule Fizi, wakati ya vita ya pili ya inchi yetu.

Unapunguza vitesse, mwendo wa aparei ya picha, unamufuata mwenye pikipiki na kiuno chako, unabonyeza bila kusimama. Yeye anabaki, nyumba zinakimbia.

Ukiiacha aparei imesimama, ni kinyume. Mwenye kukimbia anapotea, mwenye kusimama anabaki.

Jumapili moja kisha misa, vijana ba taxi-moto balishindana barabara ya Swima. Asukulu, mudogo wangu, njo alikuwa mbele siku zote. Alinitania mimi mukubwa wake: "Yaya, leo utanikosa tu."

Filimu ilibakia picha moja. Nilitaka kitu cha ajabu, nikaweka aparei juu ya pipa ya mafuta, nikabonyeza.

Kesho yake Asukulu alichukuliwa pamoja na pikipiki. Hakurudi.

Batu balisema ni Komanda Sabuni, mukubwa wa benye bunduki. Tulimuita vile juu ya nguo zake safi, hata wakati sisi tulikosa sabuni. Akakataa mbele ya bazee: ile wiki yote alikuwa Bibokoboko, kule milimani, Baraka hakukanyaga.

Filimu tulikuwa tunatuma Uvira na boti. Picha ilirudi kisha wiki tatu.

Bakubwa, niliipeleka inje kwa jua ya saa sita. Pikipiki zote moshi. Batu balikuwa banaruka, banapunga vitambaa, bote bamefutika, hakuna uso. Katikati ya ule ukungu muntu mumoja iko wazi, hata vifungo vya shati unahesabu.

Sabuni.

Mwenye kutazama mbio anageuza kichwa. Yeye hakugeuza. Alikuwa anachagua.

Mama akauliza: "Na mutoto wangu iko wapi?" Nikamuonyesha ule moshi wa mbele. Akapitisha kidole juu yake pole pole, kama anapangusa vumbi. Picha zake zingine zote ziliungua na nyumba wakati ya vita.

Vita ilipopoa, Sabuni akarudi Baraka na biro yake, ofisi kabisa. Nilienda, nikaweka picha juu ya meza. Hakukataa tena. Aliitazama sana, akagusa ule moshi wa mbele, akauliza huyu asiye na uso ni nani.

Nikamuambia ni Asukulu.

"Basi tulimufuta sisi wawili," akasema, akanirudishia.

Fundisho langu: muntu unayemupenda, mupige picha akiwa amekaa, angalau moja. Ufundi utafuata.

Wa Fizi muko humu, semeni. Kama kuna mwenye alibeba aparei ile Jumapili na alimupiga picha Asukulu, kijana wa shati nyekundu kwa pikipiki ya mbele, aniandikie, hata kama alimupata mugongo tu. Mama angali muzima.