Ndevu za Mzee Sefu zilivyonasa kwenye plasta, studio kwetu Isevya

Wakuu, poleni na majukumu.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, siyo chai. Mzee mhusika nilimwomba ruhusa, akasema andika, ila jina langu libadilishe. Basi humu tumwite Mzee Sefu.

Mimi ni dada wa Kinyamwezi, kazi yangu ni plasta. Ule unga mweupe unaochanganywa na maji, wanaotengenezea maua ya dari. Mimi natolea nakshi kama za milango ya zamani ya hapa Tabora, wageni wanazipenda sana.

Studio tumepanga wawili, mimi na Bakari, mchora mabango. Bakari kwa brashi simpingi. Tatizo lake moja: akikuona unafanya kitu mara mbili, anaamini na yeye ameshakijua.

Mzee Sefu ni jirani yetu, anauza udi na marashi. Ndevu zake sasa! Ndefu, zimekolea hina, na lazima azichane kwanza ndipo akuhudumie.

Wiki ile alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Akataka sura yake itolewe kwa plasta, binti aondoke nayo kwenda kwa mumewe Dodoma.

Nikamwambia, "Mzee, uso hauna haraka. Ngoja nitafute bendeji za plasta na mafuta ya kukupaka." Akakubali, nikatoka kwenda mjini.

Huku nyuma Bakari akamwita. "Mzee, usisumbuke kusubiri. Hiki kitu chepesi tu."

Wakuu, kaeni vizuri.

Unga akautanguliza kwenye ndoo, maji akamimina juu. Vumbi likajaa chumba kizima, yeye hana hata barakoa, anakoroga kwa mikono mitupu. Asubuhi ilikuwa na baridi, akamhurumia mzee, akaongeza maji ya moto ya chupa ya chai. Kumbe maji ya moto yanaharakisha plasta kukaza, balaa!

Kisha akampaka mzee uso mzima, unene wa tofali. Mdomo kafunika, matundu ya pua tu kaacha.

Mafuta kwenye ndevu? Hata tone.

Narudi, nakuta mtu mweupe pe! amelala kwenye benchi, kidole kimoja juu, anakitikisa. Bakari pembeni machozi yanamtoka.

"Dada, mzee anatoa shahada!"

Mzee hakuwa anatoa shahada. Alikuwa anaonyesha pipa la maji. Nilipoigusa ile plasta nikaelewa. Ilikuwa ya moto!

Kwa wasiojua: plasta inapokaza inatoa joto yenyewe. Ikiwa nene juu ya ngozi inaunguza vibaya, kuna watu wamekatwa vidole kwa mchezo huu.

Nikamwambia Bakari, "Kimbia kamwite mkewe!" Nikaingiza vidole chini ya plasta kwenye paji la uso, nikamwomba mzee akunjekunje uso. Juu ikaachia, macho yakaonekana. Chini kwenye ndevu, haiendi. Nikivuta, na mzee anakuja mzimamzima.

"Mzee, hapa ni mkasi tu."

Kusikia mkasi, akanikamata mkono. Anatikisa kichwa na plasta yake. Ndevu za mzee wa watu, harusi hiyo inagonga hodi, na kidevu kinaungua. Wewe ungefanyaje?

Bi Mwajuma, mkewe, akaingia anahema.

"Shikamoo Bi Mwajuma," nikasema. Sijui hata salamu ilitoka wapi.

"Marahaba. Mkasi uko wapi?"

Akamshika mumewe bega. "Tulia, baba. Ndevu zitaota. Uso hauoti." Kreche, kreche, kwisha. Halafu akaongeza taratibu, "Na nimechoka kuokota nywele kwenye mchuzi."

Tukamtiririshia maji baridi muda mrefu. Bakari akaja na dawa ya meno ampake, Bi Mwajuma akamtimua nayo. Hospitali kule Kitete daktari akakuta kidevu kimebabuka kidogo tu, akatoa dawa. Nesi aligeukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Tunarudi studio, Bakari kafanya usafi. Plasta iliyobaki kaimwaga kwenye sinki. Bomba limeziba mawe matupu, mwenye nyumba hatusalimii mpaka leo.

Harusi ilifanyika. Mzee kidevu kitupu, watu wanauliza huyu ni mdogo wake au. Ile plasta iliyomtoka usoni niliitumia kama moldi, nikamimina plasta mpya ndani, sura ikatoka safi kabisa, na ndevu halisi zimegandia kidevuni na hina yake! Binti alicheka mpaka akalia, akaondoka ameipakata.

Nilichojifunza: maji kwanza, unga ndio unafuata, polepole, barakoa usoni na glavu mikononi. Ngozi ya mtu usiizungushie plasta nene. Mabaki yaache yagande kwenye boksi, ukatupe. Na kama studio ni ya wawili, mwenzako mfundishe hata ambacho hajauliza, maana yeye hatauliza.

Mzee amezifuga tena, zimeshafika kifuani.

Jana Bi Mwajuma kapita studio, kachungulia nyuma yake, kaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yule Bakari wiki hii ana nafasi?"

Wakuu, nimjibu nini? Nasoma maoni yenu.